Wageni wa Fundi

Kituoni, 2 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Zile salamu tulizofundishwa shuleni za kujaza nusu ukurasa, hesabu kwamba nimeziandika zote. Karatasi ni chache, na dereva wa tangi la mafuta ameniambia anaondoka akimaliza chai yake. Chai yenyewe ameshaifikisha nusu.

Kwa kifupi: siji. Najua nilikuambia miezi mitatu, na sasa huu ni wa sita. Mwenzangu, yule fundi mzee aliyekuwa anakoroma mpaka bati linatetemeka, aliugua akapelekwa mjini, na hajaletwa mtu wa kushika nafasi yake. Sheria ya hapa ni moja: fundi haondoki mpaka mwenzake aingie. Msimamizi ameibandika mlangoni kwangu, kana kwamba ninaweza kuisahau. Bila kibali chake mlinzi hafungui lango, na bila kibali hakuna dereva atakayenipakia. Kutembea usiniambie, maana kuanzia hapa mpaka barabara kuu ni changarawe tupu na jua. Na cheti changu cha ufundi alikichukua siku ya kwanza, eti kwa usalama. Mpaka leo kiko kabatini kwake.

Nimemuuliza kwa nini hawaleti mtu mwingine. Anasema mafundi wote wamesikia kwamba mashine ya hapa ina wazimu na hakuna anayeitaka. Niitulize kwanza, watu watakuja, nami nitaondoka. Basi ninaituliza. Tuna pampu mbili, moja huku bondeni na nyingine juu mlimani, zinazopandisha maji ya mgodi. Kila moja ina bodi yake, na hizo bodi zinasemezana kwa waya mmoja, kwa zamu: ya chini inauliza, ya juu inajibu. Asubuhi zinaelewana kama mashoga. Mchana jua likikaza, hazisikilizani tena, na ya chini ikiuliza mara kadhaa bila kuelewa jibu, inazima kila kitu. Hapo mimi nakimbia kuwasha upya, na msimamizi ananingoja mlangoni, mikono kiunoni.

Chumba changu ni kontena. Dirisha walilikata kwa gesi na kingo zake hawakuzilainisha, kwa hiyo nikitaka hewa nalipa kwa ngozi. Simu haishiki. Redio iko ofisini kwa msimamizi na ni ya kazi tu. Tubaki na barua, kila tangi likija, wiki moja ndiyo na moja hapana.

Mwanangu Bonge anaendeleaje? Ananikumbuka? Niambie ukweli, lakini usiwe ukweli mkali. Mwonyeshe picha yangu kila asubuhi. Mtoto wa miaka miwili kichwa chake hakina makabati mengi, nami naogopa ataniondoa humo ili apate pa kuweka kitu kingine. Hilo ndilo ninaloliogopa huku, si jua wala msimamizi.

Dada yako,
Waya


Nyumbani, 16 Machi

Kwako Dada Waya, na hasira zako zote,

Barua imefika ikinuka dizeli. Nimeianika dirishani kabla ya kuisoma, na mteja mmoja akaniuliza kama nimeanza kuuza mafuta ya taa.

Bonge mzima. Ni mnene, ni mkorofi, na ana sauti ya mnadi. Makazi yake ni chini ya meza ya kukatia vitambaa. Juzi amemeza kifungo cha koti la watu. Tulikaa tukikingoja kama tunavyongoja mgeni wa heshima, kikatoka, nikakiosha, nikakishona. Mwenye koti amelipokea na kunisifu. Usinisemeshe.

Na anaongea sasa! Anasema "mama" safi kabisa, kwa sauti, kutwa nzima. Asubuhi nikimletea picha yako anaibusu mpaka kioo kinajaa mate. Hayo ya makabati yatoe akilini, wewe umekaa na mashine mpaka unafikiri watu nao wana droo.

Upande wangu ni kazi. Kuna jirani mpya mlango wa pili, anaazima kila kitu isipokuwa adabu. Kuhusu yule mchumba wangu mpaka rangi usiniulize. Yupo, anapaka.

Wewe kula. Najua ukiwa na jambo kichwani unasahau. Na huyo msimamizi mwambie una mdogo wako anayeshika mkasi.

Mdogo wako,
Sindano


Kituoni, 30 Machi

Sindano wangu,

Nimeisoma ile sehemu ya "mama" mpaka karatasi imelegea mikunjoni. Nimemsomea hata mlinzi wa lango, na yule hana meno wala furaha, akacheka. Mwambie Bonge mama anasikia.

Na nina habari yangu pia. Nimeupata ugonjwa wa mashine.

Hizi bodi mbili haziungani waya kwa waya, maana radi ikipiga mlimani ingezichoma zote. Katikati wameweka kidude cheusi kama punje ya maharage, kinaitwa optokapla. Ndani yake upande mmoja kuna kitaa, upande wa pili kuna jicho. Umeme ukifika, kitaa kinawaka, jicho linaona, na ng'ambo wanajua. Hakivuki kitu isipokuwa mwanga.

Shida ni kwamba jicho linafumbuka upesi lakini linachelewa kufumba. Kitaa kimeshazimika, lenyewe bado linadhani linaona. Cherehani yako ya umeme inafanya hivyo hivyo: unainua mguu kwenye pedali, na sindano bado inaenda mishono miwili mitatu mbele. Kuchelewa kwenyewe ni kipande cha sekunde ambacho hata kope haiwahi kupepesa ndani yake, lakini ishara hizi zinapita mbio kuliko kope. Na joto linakirefusha. Sasa sikiliza. Bodi ya chini ikimaliza kuuliza inatakiwa iuachie waya, mwenzake ajibu. Mchana, kwa kile kidude kuzubaa, inakuwa haijauachia bado, na ya juu inajibu papo hapo. Mwanzo wa jibu unakanyagwa. Ya chini inasikia mkia tu, haielewi, inauliza tena, inakanyaga tena. Wote wawili wazima, wote wawili wanasema kweli, na hawaelewani.

Nilithibitisha hivi. Asubuhi kukiwa na ubaridi na pampu zinakwenda vizuri, nikaisogeza pasi ya kulehemu karibu na kile kidude, nikakipasha. Pampu zikafa palepale. Nikacheka peke yangu. Nimezima mtambo wa watu na ninacheka, kwa sababu sasa najua.

Dawa ni mbili. Nibadilishe rezista, kile kipande kinachobana umeme, iliyo upande wa jicho niweke ndogo zaidi, ili liachie upesi. Halafu niifundishe bodi ya juu kusubiri kidogo kabla ya kujibu. Msimamizi amesema mambo yakitulia ataongea na makao makuu waniletee mwenzangu. Amesema huku ananitazama usoni, na si kawaida yake.

Mdogo wangu, nakuja. Mwambie.

Waya


Nyumbani, 13 Aprili

Dada,

Nimeandika barua hii na kuichana, nikaandika nyingine nikaichana nayo. Hii haichaniki kwa sababu dereva amesimama mlangoni.

Ile "mama" si yako. Ananiita mimi.

Sikumfundisha. Nilimfundisha kusema mama mdogo, kama inavyotakiwa, na yeye akaona jina refu akaliacha nusu. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. "Mimi mama mdogo. Mama ni yule wa kwenye picha." Analia mpaka anatapika. Nikaanza kunyamaza, siku ikapita, nyingine ikapita. Picha yako anaibusu kweli, hilo sikukudanganya. Lakini wiki iliyopita jirani alimuuliza huyu ni nani, naye akajibu kwa uhakika wote: "Mama mkubwa." Kwa hesabu zake ni sawa. Kama mimi ni mama, basi dada yangu ni mama mkubwa.

Ulisema nikwambie ukweli usio mkali, nikakukatia nusu. Halafu barua yako ikaja na furaha ile, na mlinzi asiye na meno, nikakaa chini nikalia mpaka Bonge akaniletea kitambaa cha mteja nijifutie.

Sijui nifanyeje, dada yangu. Namlaza, namwogesha, namlisha, akiumwa ni mimi. Siwezi kuwa nafanya yote hayo huku namwambia mimi si mtu. Nakuomba usinichukie, na uje upesi.

Sindano


Kituoni, 27 Aprili

Sindano,

Nimesoma.

Sikulaumu. Hapana, nakulaumu, lakini najua sina haki, kwa hiyo tuendelee.

Mashine imetulia. Rezista nimebadilisha, na juu mlimani nimepanda mwenyewe, nikaiweka ile bodi isubiri kabla ya kujibu. Mchana wote wa joto zimepita bila kuzima hata mara moja. Msimamizi amenipa mkono. Nikamuuliza habari za mwenzangu, akasema tuvute subira tuone.

Mimi subira imeniishia. Mlete Bonge huku. Usinijibu, usiniulize, panda tangi la safari ijayo, nimeshaongea na dereva. Jamaa wa fundi wanaruhusiwa kuja kutembea, wanaandikwa tu langoni. Mlete hata kwa siku chache, anione nikitembea, asikie sauti yangu, ajue kuwa nina miguu. Joto ni kali, chukua kofia yake. Kontena nitalifagia.

Siwezi kuwa mama mkubwa wa mtoto niliyemzaa. Mlete.

Waya


Nyumbani, 9 Mei, alasiri

Sindano,

Nimefika. Ninyi hampo.

Nakuandikia kwenye meza yako ya kukatia. Alhamisi msimamizi aliamka na furaha. Wakubwa walikuwa wamepita, wakaona pampu zinavyokwenda mchana kweupe, wakamsifu. Akaniita, akanipa kibali cha wiki mbili, akasema mwenzangu ataingia karibuni, hivyo kwa mara hii moja niende kabla yake. Lori la vipuri lilikuwa linaondoka saa ileile kwa njia ya juu. Nikapiga hesabu: tangi huondoka mjini Jumapili, nami nitafika Ijumaa, nitawakuta mnafunga mizigo. Nikapanda na nguo nilizovaa.

Kumbe tangi liliondoka mapema, kwa kuwa njia ya chini ilikuwa inakwenda kufungwa waichonge. Tumepishana. Ninyi bondeni, mimi mlimani, kila mtu anamkimbilia mwenzake.

Nimemkuta jirani yako mpya. Nikamuuliza wenyewe wako wapi. Akasema, "Mama Bonge kasafiri na mwanawe. Wewe ni nani?" Nikasema mimi ni dada yake. Akanipa ufunguo.

Nimeviona viatu vyake mlangoni. Sikujua mguu wake umefika hapo. Ukutani umemchorea urefu wake kwa chaki ya kitambaa, mistari mingi, na mimi namjua yule wa mstari wa chini kabisa. Nimekaa kitandani kwake. Mto unanukia mtoto nisiyemjua vizuri.

Barua hii naipeleka kwa lori la vipuri linalorudi. Mkiipata, pandeni gari la kwanza mrudi. Nawangoja hapa, sitoki hata kwenda dukani.

Waya


Kituoni, 9 Mei

Dada Waya,

Ulitwambia tuje, tumekuja, wewe umekwenda. Nikuambie kitu? Mashine umeifundisha kungoja kabla ya kujibu. Wewe nani akufundishe?

Haya, nimeshapumua. Safari ilikuwa mbaya lakini Bonge aliipenda. Amejifunza honi, kwa hiyo sasa tunapigiwa honi kutwa. Langoni mlinzi asiye na meno akafurahi mno, akatuandika kwenye daftari lake: "Wageni wa fundi, wawili." Ndipo akatuambia fundi ameondoka jana kwa njia ya juu. Nikamwambia basi tugeuze na tangi. Akasema haiwezekani. Mgeni wa fundi anatolewa kwa sahihi ya fundi mwenyewe. Ndivyo ilivyo, ili watu wasiingize ndugu na kuwatelekeza.

Nikaenda kwa msimamizi. Akanipa kiti, akanipa maji, akawa mpole kama mkwe. "Mimi sikuwaita, siwezi kuwatoa. Akirudi atasaini." Dada, mtu huyo hakuna asichoweza kusaini akitaka. Anatushika sisi ili akushike wewe.

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Nilipokuwa ofisini, redio ililia, naye akaipokea mbele yangu kama vile mimi ni kabati. Makao makuu walimwambia hivi: kwa kuwa mashine haisumbui tena, fundi wa pili hahitajiki, nafasi hiyo imefutwa. Akasema sawa bwana. Mkataba wako unasema hutoki mpaka aingie wa kukupokea. Wa kukupokea ndiye huyo aliyefutwa. Umeitibu mashine, na wao wameona mgonjwa kapona, daktari wa pili wa nini.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Uko nje. Ukirudi, hutoki tena. Usirudi. Nenda ofisini kwao hapo mjini, piga kelele, lia, vunja kitu. Sisi tutavumilia. Kontena ni tanuri lakini nimeloanisha shuka na kulitundika dirishani, na Bonge analala mchana kifua wazi. Amejikata mkono kidogo kwenye zile kingo za dirisha, si sana. Au niambie niguse waya gani, niiharibu hii mashine yao, wakuone wa maana tena. Nioneshe tu, nina mkasi.

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli mkali sasa: mpaka rangi haji tena. Aliniuliza kama nikiolewa nitakuja peke yangu au na mtoto wa mtu. Nikashindwa kujibu, naye akalichukua hilo kuwa ndilo jibu. Sikukwambia kwa sababu ungejiona una hatia, na hatia yako siwezi kuifua wala kuipiga pasi. Lakini mimi pia nilikuwa na maisha, dada. Nataka tu ulijue hilo.

Sindano


Nyumbani, 14 Mei

Sindano,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesimama tena.

Ofisini kwao nimekwenda siku zote hizi. Wananitoa dirisha hili wananipeleka lile. Leo binti mmoja mwenye kucha ndefu ameniambia kwa upole kwamba kituo kina taratibu zake, na kwamba kama wageni waliingia kwa jina langu, mimi ndiye wa kuwatoa. Nikamwambia wamefungiwa. Akasema hapana, wanasubiri sahihi. Nilipiga kelele kama ulivyosema. Walinifungulia mlango wa kutokea.

Waya usiguse hata mmoja. Ingekuwa rahisi kweli. Naitoa ile subira niliyoiweka, joto linakuja, pampu zinakufa, na wao wanaanza kutafuta fundi kwa tochi. Nimeliwaza hilo sana. Lakini kule juu kuna kambi ya familia, na maji hayo hayo ndiyo yanayojaza mitungi yao. Pampu zikizima mchana kutwa, watoto wa watu watakunywa nini? Nikifanya hivyo nitakuwa nimeufanya mkono wangu kuwa kitu kingine.

Kuhusu mpaka rangi nimekusikia. Nilikuachia mtoto kama mtu anayeacha begi stesheni na kusema nishikie narudi. Samahani ni neno dogo, lakini ndilo nililo nalo.

Njia ya chini imefunguliwa, tangi linaondoka sasa hivi na barua hii, lakini kiti cha abiria kimeshachukuliwa. Mimi napanda lori la vipuri keshokutwa. Nimechukua viatu vyake.

Waya


Nyumbani, 31 Mei

Dada,

Tumefika salama, na sijui nianzie wapi.

Zile siku tulizokaa nawe nilidhani hazikutosha kitu. Ulipoingia alijificha nyuma yangu, ukachuchumaa mbali ukaanza kukunja nyaya kama hujamwona, naye akakuchungulia. Halafu ukamkalisha mabegani ukaenda naye nyumba ya pampu, na tangu hapo ikawa kila asubuhi, yeye juu na wewe chini, mnaongea lugha yenu. Mimi nikabaki nashona mifuko ya mlinzi. Nilikuwa na wivu kidogo, wacha nikwambie. Nilikuwa na furaha na wivu.

Siku ile langoni uliposaini tutoke, wewe ukabaki, hukulia, nami nikasema basi, moyo wake umekuwa chuma. Bonge naye alipanda garini kimya, macho mbele. Nikasema huyu ni mdogo, ameshasahau.

Hakusahau kitu. Tangu tushuke amekaa mlangoni. Lori likipita anasimama. Juzi akaanza kuita, "Mama! Mama!" Nikaja mbio, nikasema niko hapa. Akanitazama usoni, Dada, kama mtu mzima anayemwonea huruma mwenzake. Akasema, "Wewe mama mdogo. Mama pampu." Akageukia barabara, akaendelea kuita.

Jana usingizi ulimchukua hapo hapo kizingitini. Leo tena. Chakula anakula akiwa mlangoni, macho nje.

Nilikuwa naomba usiku na mchana atambue mama yake ni nani, nimepewa, na sasa sijui nimfanyie nini. Nimwambie unakuja? Nimwambie lini? Nijibu upesi. Dereva anasema njia ya chini imeharibika tena na safari zitachelewa, lakini barua ataifikisha.

Sindano


Kituoni, 31 Mei

Mdogo wangu,

Sijapata neno lolote kutoka kwenu tangu mwondoke, na dereva wa vipuri anasema tangi litachelewa sana. Nampa yeye hii. Natumaini mlifika.

Hapa hakuna jipya. Pampu zinakwenda. Mchana nakaa mle ndani nazisikiliza, na hazinihitaji kwa lolote. Naoga, nalala, naamka, nafuta vumbi kwenye mashine isiyoharibika. Msimamizi hanigombezi tena, ananisalimu kwa jina la heshima. Ile sheria ameitoa mlangoni kwangu, kwa sababu haina kazi. Karatasi imeacha alama nyeupe.

Nakuandikia kwa ajili ya jambo moja ambalo hukuliona. Siku ile ulipokuwa unapandisha mizigo, nilimshika Bonge mkono pale langoni. Nilikuwa nimeshasaini. Aliniangalia, akaliangalia gari, akaniangalia tena. Hakuelewa amfuate nani, na alikuwa anakaribia kulia. Nikafikiri, nikimwacha aondoke na swali hilo, atakaa nalo huko mlangoni siku baada ya siku, nami sitakuwepo. Lazima mmoja wetu aachie.

Nikachuchumaa, nikamfunga viatu, vile nilivyomletea. Nikamwonyesha wewe, ukiwa juu garini na kofia yake mkononi. Nikamwambia, "Nenda na mama."

Akaenda. Hakugeuka, na mimi nikashukuru kwamba hakugeuka. Nimeumia, Sindano, sitakuficha, nimeumia mahali ambapo sikujua kama nina mahali. Lakini nilimwona alivyokukimbilia, nikajua nimefanya vizuri, kwamba yeye angalau ametoka humu akiwa mzima.

Picha yangu itoe pale alipozoea kuiona. Usiitupe, iweke tu kabatini. Usimwambie nakuja, kwa sababu siji. Usimsahihishe tena, wala usimpe majina marefu. Mpaka rangi akirudi, mwambie una mtoto, na asipotaka aende zake.

Na Bonge akiita mama, usisite, usiangalie nyuma kama kuna mwingine. Itika.

Waya